Pale Fundi Alipokata

"Kaka, toa huo ufagio wako kwenye chupa zangu."

Kaka hakusikia. Alikuwa amechuchumaa katikati ya kreti za chupa tupu, hedifoni nyeusi zimemfunika masikio, na mkononi ameshika maikrofoni iliyovishwa manyoya ya kuzuia upepo. Ghala la vinywaji lilikuwa limefurika asubuhi ile. Malori yamerudi kinyumenyume hadi mlangoni, wapakuzi wanarushiana kreti, wenye baa wanagombania foleni, na karani nyuma ya dirisha la nondo anawaita wateja kwa sauti ya mtu anayegombana nao.

Mwanamke akamgusa begani kwa ncha ya ufunguo. Kaka huyo, fundi wa kurekodi sauti, akageuka, akashusha hedifoni, akaona kwanza raba nyeupe zilizochakaa, kisha gauni la njano lililomkaa sawasawa, kisha rundo la funguo kiunoni, na mwisho uso uliokuwa ukijizuia kucheka.

"Si ufagio, dada. Ni maikrofoni."

"Inafanya nini kwenye kreti zangu?"

"Inarekodi. Chupa zako zinalia vizuri. Za wenzako zimebaki na maji ndani, hazina sauti."

"Basi zilipe. Hata mpiga ngoma halali njaa."

Foleni ikacheka. Fundi naye akacheka, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusikia zaidi kuliko kuona, kilichomnasa hakikuwa gauni. Ilikuwa sauti. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo chini, sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza juu ya kelele za watu wengine. Akamweleza kwamba chama cha wauza vileo kimemwajiri atengeneze tangazo la redio la kupinga muswada uliopelekwa bungeni, ule wa kupandisha kodi ya pombe. Alikuwa anatafuta milio ya kuweka nyuma ya maneno. Maneno yenyewe hakuwa nayo bado.

Hapo dada akasahau chupa. Alikuwa na baa ndogo aliyoachiwa na shangazi yake, na muswada ule ulikuwa umemkosesha usingizi. Akasema mbele ya foleni nzima kwamba wenye mahoteli watapandisha bei na wateja wao hawatashtuka, lakini yeye atafunga.

"Wanasema bei ikipanda watu wataacha kunywa," akasema. "Mimi sijawahi kumwona mlevi aliyeacha pombe kwa sababu ya bei. Nimemwona aliyeacha chakula."

Kidole cha fundi kilikuwa bado kwenye kitufe cha kurekodi. Alipomwomba namba ya simu alisema ni kwa ajili ya kazi, na alikuwa anasema kweli nusu.

"Nikuandike nani?"

"Kaunta. Ndivyo wanavyoniita wote. Na mimi nitakuandika Masikio, maana hayo mafuniko yako yangetosha kufunika sufuria."

Mapenzi hayana adabu, hayasubiri watu wamalize kazi iliyowakutanisha. Wiki ile ile Masikio alianza kupita baa kuuliza hiki na kile kuhusu tangazo, na maswali yakawa hayaishi. Baa ilikuwa kati ya kinyozi na fundi simu, chumba kimoja kirefu chenye kaunta iliyopigwa bati juu, feni iliyozunguka ikipenda, na viti vya plastiki vya rangi tatu tofauti. Kwenye kona karibu na dirisha palikuwa na kiti cha mbao ambacho hakuna aliyekikalia. Kaunta alikifuta vumbi kila siku kama vingine, kisha akakiacha.

Fundi alikuwa hanywi pombe. Jambo hilo lilimfurahisha Kaunta kupita kiasi.

"Unapigania bei ya bia, wewe mwenyewe unaagiza soda," akamwambia kwenye simu.

"Wakili wa mwizi si lazima aibe."

"Na mwizi ni nani hapo, mimi?"

"Umeniibia jioni zangu zote. Niende polisi?"

"Nenda. Ukirudi, pitia kwangu uniambie walisemaje."

Wakati mwingine walikaa kimya kwenye simu, kila mmoja anaendelea na shughuli zake. Fundi alimsikia akipanga glasi, na kutokana na mlio alijua kama baa imejaa. Kaunta alimwambia hajawahi kuwa na mwanamume anayemsikiliza hata akiwa hajasema kitu. Maneno yale fundi aliyaweka moyoni, na baadaye ndiyo yaliyomuumiza kuliko matusi ambayo angeweza kutukanwa.

Siku ya kurekodi Kaunta alivaa gauni la buluu na hereni, ingawa aliambiwa redio haina macho. Studio ilikuwa chumba cha ghorofani kilichogongomewa magodoro ukutani kuzuia mwangwi. Aliingia, akabonyeza godoro kwa kidole, akauliza kama hapa watu wanarekodi au wanalala. Fundi akamkalisha, akamsogezea maikrofoni, akamwambia azungumze tu, asitangaze.

Alizungumza juu ya shangazi yake, juu ya wafanyakazi wake wawili, juu ya leseni. Yalikuwa maneno mazuri lakini makavu. Ndipo fundi alipomuuliza, kwa sababu tu lilikuwa limemkaa rohoni, ni nani aliyekuwa akikalia kile kiti cha kona.

Kaunta aliitazama maikrofoni. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imeteremka:

"Baba yangu alikuwa akikaa kona ile. Alikuwa anacheka sana, baba. Ukimsikia anacheka na wewe unacheka. Alikuwa mlevi, sikatai, na nyumbani hakucheka hivyo. Kuna mwaka walipandisha kodi kama hivi wanavyotaka sasa. Mimi ndiye niliyekuwa kaunta, shangazi katoka. Baba akaja na hela yake mkononi. Nikamwambia, baba, bei imepanda, hiyo haitoshi. Akasema, mwanangu, niongezee. Mimi nilikuwa nimemchoka. Watu walikuwa wanatuangalia. Nikamwambia nenda kalale. Hakwenda kulala. Alikwenda vichochoroni, kwa wale wanaouza ile ya magendo, ile ya bei ya chini. Asubuhi alikuwa haoni. Jioni akafa."

Akavuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena.

"Mimi ni mtu mdogo. Watu wadogo kama sisi mtuonee huruma. Msipandishe kodi hii. Haimponyi mlevi, inamhamisha tu."

Fundi alivua hedifoni. Aliinuka, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili, na wakakaa hivyo mpaka Kaunta alipotulia. Kaunta alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Mama yake mzazi alijua mume wake alikufa kwa pombe ya magendo. Hakujua ni nani aliyemnyima ile halali.

"Ukiitumia hii, tumia yote," Kaunta akamwambia. "Nusu yake ni uongo. Na usiitoe kabla sijaisikia. Nataka niende kwa mama kwanza, nimwambie kwa mdomo wangu."

"Sijawahi kutoa sauti ya mtu kabla mwenyewe hajaisikia. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kazi."

"Niapie."

Akaapa. Na ilikuwa kweli kwamba ndiyo kanuni yake. Alikuwa ameishika tangu aanze kazi ile, na wateja walimheshimu kwa sababu hiyo.

Mwenyekiti wa chama cha wauza vileo alisikiliza rekodi nzima amefumba macho. Alikuwa mtu mnene wa kupendeza, mkarimu, hajui kununa. Akasema sauti ile ni dhahabu tupu. Akasema pia kwamba hakuna duniani aliyewahi kuuza bia kwa matanga, kwa hiyo kifo kiondoke, na tangazo lifupishwe, na liwe redioni kesho asubuhi maana wabunge wanakaa wiki hii. Hakusema likatwe wapi. Aligonga meza, akasema anamwamini fundi, akaondoka.

Fundi alikaa mbele ya kompyuta. Angeweza kumpigia Kaunta. Simu ilikuwa pale pale, karibu na kikombe. Lakini alijua atakataa, na akikataa kazi imekwenda, na chama kile kilikuwa kimemwahidi kazi nyingine nyingi. Akajiambia atampigia asubuhi. Kisha akafanya alichokuwa anakijua kuliko watu wote wa mji ule. Akatafuta mahali Kaunta alipovuta pumzi, akakata hapo. Akatafuta pumzi ya pili, akaunga. "Baba yangu alikuwa akikaa kona ile. Alikuwa anacheka sana, baba. Ukimsikia anacheka na wewe unacheka. Watu wadogo kama sisi mtuonee huruma. Msipandishe kodi hii." Nyuma yake akaweka mlio wa chupa, zile zile za ghalani. Aliisikiliza mara nyingi akitafuta mshono, hakuuona. Na hapo, Mungu amsamehe, alifurahi jinsi kazi ilivyotoka safi.

Mama yake Kaunta alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alishona kwa cherehani ya miguu, redio ikiwa rafuni juu ya vitambaa, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha watoto wake wote: hasimamishi cherehani kwa ajili ya simu. Ukimpigia unamsikia yeye na sindano kwa pamoja. Alisema maneno hayashoni nguo.

Asubuhi ile alisikia sauti ya binti yake ikitoka rafuni. Alidhani amepatwa na jambo. Alisikiliza hadi mwisho. Saa moja baadaye tangazo likarudi, akalisikiliza tena, kisha akampigia binti yake. Kaunta alipokea akiwa anashusha viti, hajui lolote, akasema shikamoo mama. Cherehani ilikuwa inakwenda.

"Kumbe baba yako alikuwa anacheka," mama akasema. "Mimi niliyekuwa nafua matandiko yake sikumsikia."

Akakata simu. Kaunta akawasha redio ya baa, akasubiri, na tangazo lilipopita alikaa chini kwenye kiti cha kwanza alichokiona.

Alimpigia fundi.

"Nani amekata?"

Hapa ndipo palipokuwa na njia panda, na njia moja ilikuwa fupi. Angesema ni mimi, angetukanwa, angelia, pengine angesamehewa wiki ile ile. Lakini sauti ya Kaunta ilikuwa inatetemeka kama siku ile ya studio, na fundi aliogopa.

"Wakubwa, mpenzi. Mwenyekiti na watu wake. Mimi niliwapelekea yote."

"Na hukuniambia limetoka?"

"Nimelisikia sasa hivi kama wewe."

Kaunta alivuta pumzi ndefu. "Nilijua. Nilijua si wewe, wewe usingeweza." Akamwomba aje.

Alikwenda. Alimkuta amevimba macho, akamkumbatia, na Kaunta akalala kifuani pake akisema kwamba bora hata amebaki na mtu mmoja wa kumwamini. Mara kadhaa fundi alifungua mdomo, na kila mara akatoa neno jingine.

Kuanzia siku ile akawa mwema kupita kawaida. Alitengeneza feni. Alibeba kreti kutoka ghalani mpaka akaumwa mgongo. Alimnunulia Kaunta kitambaa cha kichwa cha rangi ya njano, ile ya siku ya kwanza, na alipoambiwa "asante mpenzi wangu, sijui ningefanyaje bila wewe," alikwenda nyuma ya baa akajifanya anapanga chupa. Studio aliweza kukaa nusu siku bila kugusa kitu. Kosa la kwanza alilifanya kwa ajili ya kazi, na hilo angeweza kulieleza. La pili hakuwa na la kulieleza.

Kaunta naye alikuwa na lake. Tangazo lilimpa jina. Watu wasiomfahamu walikuja baa kumwona "yule wa redioni", wakaagiza, wakamwiga wakicheka: watu wadogo kama sisi. Aliwahudumia. Kila jioni alikifuta kiti cha kona na kuona haya, maana baba yake alikuwa amekufa kwa kukataliwa chupa, na sasa yeye anauza chupa kwa kicheko cha baba huyo huyo. Fundi alimshauri aende kwa mama, amweleze yote. Akatikisa kichwa.

"Ningesema kabla, ningekuwa nimesema. Nikisema sasa, ninajitetea."

Alijaribu mara moja kwenye simu. Aliweza kusema tu kwamba si yeye aliyekata, wala si mchumba wake, ni wakubwa. Mama alijibu kwamba angeulizwa yeye, kodi ingepanda mpaka mlango wa baa uote nyasi, lakini hakuna aliyemletea maikrofoni. Tangu hapo simu iliita bila kupokewa.

Siku ambayo bunge liliuweka muswada kando, mwenyekiti alichagua kusherehekea kwenye baa ya Kaunta. Alikuja mchana na watu wake, wamevaa mashati ya chama, wakaunganisha meza. Kinyozi na fundi simu walifunga wakaja. Kaunta alikuwa amevaa gauni la njano na kile kitambaa. Furaha ilikuwa ya kweli, lazima isemwe. Mle ndani mlikuwa na wafanyakazi ambao wangekosa kazi mwezi uliofuata, na walicheza. Fundi alikaa karibu na mlango na soda yake ikiishiwa gesi.

Mwenyekiti akasimama, akagonga glasi kwa kijiko. Akamshukuru Mungu, akawashukuru wabunge wenye akili, akamshukuru Kaunta kwa sauti iliyowaliza watu. Kisha akamnyooshea fundi mkono.

"Na huyu! Huyu ana mkasi, ndugu zangu. Mimi nilimwambia neno moja tu, fupisha. Pa kukata alipajua mwenyewe. Rekodi ilikuwa na msiba ndani, wa kukutoa machozi, na huyu aliutoa usiku mmoja, hata alama haikubaki."

Watu walipiga makofi. Kaunta alikuwa amesimama na sinia lililojaa glasi. Hakuliangusha. Aliliweka juu ya meza taratibu, akaenda hadi mlangoni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Si wakubwa."

"Ni mimi, Kaunta. Na niliapa. Na nilikudanganya."

Alimtazama kama mtu anayetafuta sura aliyokuwa akiifahamu. "Nilikutetea kwa mama yangu," akasema. "Niache, nina wateja." Akarudi, akachukua sinia, akawahudumia wote mpaka wa mwisho, na hakuna aliyegundua chochote ila fundi, ambaye alikuwa tayari yuko nje.

Alipiga simu, haikupokewa. Alituma ujumbe wa kuomba radhi, kisha mwingine, mpaka yeye mwenyewe akaona haya kuusoma. Alikwenda kwa mwenyekiti kudai tangazo liondolewe, akaambiwa kwa ukarimu kwamba lilikwisha kuondolewa, kazi yake imekwisha, na hii hapa kazi nyingine, ya kampuni ya bia safari hii. Akaikataa. Mwenyekiti hakununa. Alimwambia roho nyepesi haijengi nyumba, akampa mtu mwingine. Hapo fundi aliona kwamba hakuna kilichobaki cha kurekebisha. Maji yalikuwa yamemwagika, na hata sakafu ilikuwa imeshakauka.

Kitu kimoja alikuwa nacho. Mafundi sauti hawatupi walichokata. Rekodi nzima ilikuwa bado kwenye kompyuta. Akamtumia Kaunta, bila maneno mengi: "Hii ni yako. Yote. Sijampa mtu." Kisha akakaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu yule wa masikio akatamani asisikie kitu.

Simu ikaita siku nyingi baadaye, asubuhi.

"Masikio."

"Naam."

"Usiseme samahani, nimeichoka. Una spika ya kubeba?"

"Ninayo."

"Jumamosi mchana twende kwa mama. Nimejaribu mbele ya kioo, siwezi kuyasema mara ya pili. Wewe utabonyeza. Lakini kwanza utamwambia aliyekata ni nani."

"Nitamwambia."

"Na sijakusamehe. Usije umevaa shati la harusi."

Alikuja na shati la kazini. Chumba cha mama kilikuwa na sare zimening'inizwa pande zote, za kijani na za zambarau, na vumbi la chaki mezani. Redio ilikuwa rafuni, imefunikwa kitambaa. Mama alipokea shikamoo zao bila kuinua uso, miguu inakanyaga, sindano inakwenda.

Fundi alisimama. Alisema ni yeye aliyekata. Alisema aliombwa atumie yote au asitumie, na aliapa kwamba binti atasikia kwanza, na akavunja vyote viwili kwa sababu aliitaka kazi. Alisema alipoulizwa alisema uongo, na kwamba binti alimtetea kwenye simu akiamini uongo ule.

"Mimi sikati nguo ya mtu kabla hajasimama mbele yangu," mama akasema. "Wewe ulimkata binti yangu hayupo."

"Ndiyo, mama."

"Keti. Leta hicho mlichokileta."

Kaunta alikuwa ameketi kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, uso kifuani. Fundi akabonyeza. Sauti ikajaa chumbani. Kicheko cha baba kikapita, na cherehani ikaendelea. Hela mkononi. Bei imepanda. Mwanangu, niongezee. Mahali fulani hapo miguu ya mama ikapunguza mwendo. Nenda kalale. Asubuhi alikuwa haoni. Kisha ile pumzi iliyokwama, ambayo fundi aliikata kwa ustadi wake wote. Sasa ilichukua nafasi yake, ndefu, ya mtoto anayejikaza asilie mbele ya mgeni. Cherehani ilikuwa imesimama.

Rekodi ikaisha.

"Hela ile nilimpa mimi," mama akasema.

Kaunta akainua uso.

"Nilikuwa na mteja anakuja kupimwa. Baba yako alikuwa amekaa hapo mlangoni, shati wazi, ananuka. Niliona aibu. Nikampa ya chupa moja, kwa bei niliyoizoea. Sikujua imepanda, mimi sinywi, ningejuaje. Nikamwambia nenda kwa dada yako, kaa huko mpaka mteja aondoke." Akajifuta mikono kwenye gauni ingawa haikuwa na kitu. "Tangu afe siingii kwenye ile baa, na wewe unadhani ni kwa sababu yako. Siingii kwa sababu yangu."

"Mama, hukuniambia."

"Na wewe uliniambia?"

Kaunta alisogea juu ya mkeka akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, na mama akamshika kichwa kwa mikono miwili. Walilia wote, si kwa sauti. Fundi alitaka kutoka nje. Mama akamwambia kwa mkono akae, kwani aliyefungua jeraha aone na damu.

Baada ya muda mama aliuliza habari za kodi. Akaambiwa imekataliwa.

"Mimi ningeipandisha," akasema.

"Najua, mama."

"Na ningekuwa nimekosea?"

"Sijui," Kaunta akajibu. "Nilikuwa najua. Sasa sijui tena."

Fundi akauliza kama afute rekodi. Mama akasema aiache kama ilivyo, asipunguze kitu.

Asubuhi ya Jumatatu Kaunta alimwita baa kabla ya kufungua. Viti vilikuwa bado vimepinduliwa juu ya meza. Alikuwa amevaa gauni la kawaida la kufanyia usafi, kitambaa cha njano kichwani, na kwa mara ya kwanza fundi alimkuta ameketi kwenye kiti cha kona.

"Haya," akamwambia. "Kwa mama ulisema ya mama. Yangu hujasema."

Fundi alikuwa amejiandaa. Alianza vizuri, maneno yamepangwa, kwamba anampenda, kwamba amejifunza, kwamba anaomba awe mke wake. Kaunta akainua mkono.

"Hiyo umeikata. Nataka ambayo haijakatwa."

Basi akaanza upya, na safari hii haikuwa nzuri. Alisema alipomaliza kukata usiku ule alifurahi, alijipongeza, na hilo hakuwahi kulisema. Alisema kila alipotengeneza feni alikuwa anajaribu kununua kitu. Akasimama, akatafuta neno, hakulipata, akaendelea bila hilo. Alisema anaogopa, hajui kama hatamdanganya tena siku akiogopa vile, ila anajua sasa jinsi inavyouma, na kwamba nyumba isiyo na mlio wa glasi zake ni kimya mno. Alisema anataka kumwoa, kisha akasema tena kwa sababu mara ya kwanza sauti ilikwama.

Kaunta hakumsaidia hata pale alipokwama. Alipomaliza, aliitoa simu mfukoni, akapiga, akaiweka juu ya bati la kaunta, sauti wazi ili wote wasikie. Ikaita. Ikapokewa, na nyuma yake cherehani inakwenda kama kawaida.

"Shikamoo, mama. Niko na Masikio hapa. Ana maneno, amenipa mimi, nataka akupe na wewe hivyo hivyo. Ukikubali, mimi nimekubali. Ila ni marefu kidogo."

Cherehani ikaenda, ikapungua, ikanyamaza.

"Aseme, mwanangu. Nimesimamisha."